Nilijua jina la upupu, ua lake sikulijua

Likizo ya Juni niliwapeleka wanangu kijijini kwa bibi yao, mkoani Morogoro. Jioni moja tulikwenda kuokota kuni kwenye msitu ulio nyuma ya shamba. Binti yangu wa miaka minane alitangulia. Ghafla akaita, "Mama, njoo uone maua!"

Yalikuwa mazuri kweli. Vichala vya zambarau iliyokoza vilining'inia kwenye mmea uliotambaa juu ya kichaka. Nikaangalia majani: matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, kama ya maharage. Ua nalo lilifanana na la kunde.

"Haya ni maharage ya porini," nikasema kwa uhakika. "Chuma, umpelekee bibi."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka mama alipopaza sauti nyuma yetu: "Usiguse! Huo upupu!"

Nilishtuka, kisha nikaona aibu. Upupu naujua tangu shule ya msingi, wavulana walipokuwa wakiupaka kwenye madawati. Lakini nilichokijua ni ule unga wa kahawia. Mmea wenyewe ukiwa umechanua sikuwahi kuutazama.

Mama hakunigombeza. Alichukua kijiti kirefu, akainua majani taratibu. Chini yake kulikuwa na maganda yaliyojikunja kama herufi S, yamefunikwa vinyweleo vya rangi ya dhahabu. Hivyo ndivyo vinavyowasha, na hupeperuka hata kwa upepo mdogo.

"Hukukosea sana," aliniambia. "Upupu na maharage ni ndugu. Lakini ukilivuta ua unatikisa maganda."

Akaongeza kwamba uko upupu usiowasha, ambao wakulima huupanda ili kufunika magugu na kurutubisha udongo. Huo wa msituni ndio wa kuogopa.

Usiku binti yangu akaniuliza, "Mama, kama hukuwa unajua, kwa nini ulisema ni maharage?"

Sikuwa na jibu. Sisi wazazi tunaona haya kumwambia mtoto "sijui". Siku ile haya hiyo ingemwasha yeye, siyo mimi.

Mzazi mwenzangu, mkienda msituni, msichume ua kabla ya kutafuta tunda lake. Tazameni chini ya majani, tena kwa mbali. Mtoto akipatwa na upupu, asijikune wala kujisugua. Mvue nguo, nasa vinyweleo kwa selotepu, kisha mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi na umwahishe hospitali.

Kesho yake binti alichora lile ua kwenye daftari lake, na ganda pembeni. Sasa akiniuliza jina la mmea nisioujua, namjibu, "Sijui, mwanangu. Twende tukamuulize bibi."