SUBARU LA SIFA LACHEMSHA MLIMANI, MAHARI YACHELEWA UKWENI KAMACHUMU!

Desemba ikifika Bukoba inabadilika kabisa. Watoto wa nyumbani wanarudi kutoka Dar, Mwanza na Arusha, senene wanakaangwa, na kila mtu anataka aonekane na mkoko wake. Mwaka huu aliyeteka mji ni jamaa mmoja anayepiga muziki kwenye kumbi za Dar, jina kapuni. Alishuka na Subaru Forester ya tabo, rimu za dhahabu, eksozi inaamsha watoto Kashai nzima.

Siku mbili mjini ilikuwa ni yeye tu. Kumbe ndinga ilikuja na siri. Kabla ya safari geji ya joto ilishapanda huko Dar, fundi wa mtaani akang'oa thamostati akatupa, eti hicho kidude ni cha nchi za baridi. Kulanti ikapungua, jamaa akawa anajazia maji ya bomba. Gari likatulia, akaona fundi ni noma sana.

Siku ya tatu ikawa ya kupeleka mahari Kamachumu, wilayani Muleba. Ndani ya gari yupo baba yake mdogo, mshenga na rafiki mmoja. Wakatoka Rwamishenye, wakapita Kemondo, AC imefunguliwa mpaka mwisho, kila gari la mbele lazima lipitwe. Walipoiacha Muhutwe na kuanza kupanda mlima, mshale ukalala kwenye nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti.

Jamaa akaruka chini na kitambaa mkononi, anataka afungue mfuniko wa rejeta. Dereva wa Fuso la ndizi, mtu mzima, akapiga kelele: "Mwanangu, acha hiyo! Ikikurukia utaenda ukweni na uso gani?"

Mzee hakutania. Maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100 ukiwa pwani. Bukoba ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hapo yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kamachumu ni juu zaidi. Kinachookoa injini ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, pamoja na mfuniko mzima unaobana presha. Hivyo viwili vikiwa sawa, mchemko unasogea mpaka nyuzi 120 na zaidi. Ukifungua mfuniko injini ikiwa ya moto, presha inaondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na maji ya moto yanakurukia usoni.

Na thamostati siyo pambo. Kwa injini nyingi ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Barabara ya tambarare huoni tatizo, ila ukianza mlima na tabo ikivuta, unaumbuka. Tabo yenyewe inazungushwa na moshi wa moto wa eksozi, kwa hiyo joto lake ni la kufa mtu.

Wapo wanaosema Subaru ni gari la rali. Kweli, Colin McRae alishinda nayo Safari Rally Kenya mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Ila wale walikuwa na mafundi wanaowasubiri njiani. Jamaa yetu alikuwa na mshenga tu.

Wakasubiri karibu saa nzima injini ipoe. Mzee akawapa dumu la maji, wakajaza taratibu huku injini inaunguruma ili hewa itoke. Akawaambia: "Zima AC, fungua hita mpaka mwisho, vioo chini, panda polepole." Jamaa akajibu, "Ndiyo waitu," na jasho linamtoka.

Walifika masaa mawili baadaye, wamelowa kama wametoka kuoga ziwani. Wazee wakawapiga faini ya kuchelewa, mahari ikapokelewa. Inasemekana binti mwenyewe aliuliza swali moja tu: "Unajua kilichomo kwenye rejeta yako?" Jamaa akabaki anacheka cheka.

Mpaka sasa mkoko uko gereji. Gasketi imeungua na silinda hedi imepinda, gharama inakaribia ile ya mahari.

Mdau mwenye tabo, angalia kulanti asubuhi injini ikiwa baridi, safisha tope na majani kwenye rejeta, hakikisha feni zinazunguka. Ukitoka kukimbiza, iache iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Mshale ukipanda simama hapo hapo, hata kama wakwe wanasubiri.

Wadau wa Kagera mnasemaje, kosa la fundi au la sifa? Tiririka hapo chini.