Nusu ya Njia

Nilizaliwa Goweko, stesheni ya Reli ya Kati iliyo mashariki ya Tabora, na katika sauti za utotoni niikumbukayo zaidi ni ile ya upepo ukivuma katika nyaya za simu zilizoandamana na reli juu ya nguzo zake. Marehemu baba alikuwa fundi wa nyaya hizo. Habari zilipokatika baina ya stesheni mbili, hakukagua nguzo moja baada ya moja, kama nilivyodhani mimi kuwa ndiyo bidii. Alikwenda kwa troli hadi nusu ya njia, akaunganisha simu yake ya kubebea, akaita huku na huku. Upande uliojibu ulikuwa salama. Ulionyamaza akaugawa tena nusu kwa nusu, hata ila ikakosa pa kujificha.

Katika miaka ya 1990 niliajiriwa na ofisi moja mjini Tabora, ambako kompyuta saba zilifungwa katika kebo moja nyeusi, nyembamba kuliko kalamu ya risasi, iliyopita meza hadi meza mithili ya msafara wa wapagazi wa zamani wa njia ya Bagamoyo na Ujiji, ambao mmoja akitua mzigo njiani, walio nyuma yake nao husimama. Kebo ile haikutakiwa kuzidi mita 185, na kila ncha yake ilitiwa kizibo chenye ukinzani wa omu 50, ili ishara zisirudi kama mwangwi zikavuruga zinazofuata. Karani mmoja akisogeza meza apate kufagia, ofisi nzima ilikatikiwa.

Basi nilishika mita nikapima baina ya waya wa ndani na wavu wa nje. Kebo nzima husoma takriban omu 25, kwa kuwa vizibo viwili hugawana mkondo. Ikisoma 50, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sufuri, waya umegusana na wavu. Siku ya kwanza niliposoma 50 nilimkumbuka baba: nikaifungua kebo katikati, nikapima kila upande, na ule usioonyesha kitu nikaugawa tena, mpaka nikafikia kiungo kilicholegea. Wakati huo wote wenzangu walikuwa wamepiga magoti, huyu akishika tochi, yule akiinua meza, na mhasibu akatambua kwa mara ya kwanza kuwa hesabu zake hupitia miguuni pa tarishi.

Baadaye zikaja kebo za jozi nne zilizosokotwa, kila kompyuta na kebo yake hadi kwenye swichi, na kipimaji chenye taa nane kinachohesabu waya mmoja mmoja. Ni raha kubwa, wala sikufuru neema. Lakini juzi niliitwa ofisini kwa vijana, nikamkuta binti mmoja aliyekatikiwa ameketi mikono mapajani akiningoja. Aliniamkia shikamoo, wenziwe sita, ambao kazi zao zilikuwa zikienda, hawakuinua vichwa.