Picha Yetu ya Magaribi



Wengi kati yenu mnakumbuka kwamba muhula uliopita sisi kapita tulimpa mwanafunzi mumoja wa mwaka wa kwanza azabu ya kukata majani siku mbili, sababu alikutwa na manati nyuma ya jiko. Alikuwa anawinda ndege. Tulimwambia: «Viumbe vya Mungu si vya kuchezea.» Leo tunaandika juu ya mambo yetu wenyewe.

Mwalimu wetu wa biolojia alituazima kamera yake. Katika lupango ya miti ya sipre, kandege kamoja kenye mudomo murefu wa kupindika, kale kanakunywa asali ya maua, kalijenga kiota sawa kamfuko kanaoninginia. Mama alikuwa analalia yai moja. Tulitaka picha yake ya kubandika darasani.

Kazi ile si rahisi. Masomo ya mwaka wa sita yanatubana paka saa kumi na moja na nusu, na huku kwetu Kivu, karibu na ikweta, jua likizama giza halikawii. Kamera inahitaji mwanga. Njia ni tatu: kufungua tundu la lensi, kurefusha muda wa kupiga, ao kupandisha nguvu ya kamera ya kupokea mwanga, ile inaandikwa ISO. Tundu letu lilikuwa limefunguka hata mwisho. Kwa ISO 800 tulipata 1/60 ya sekunde. Kandege kakageuza kichwa, picha ikatoka sawa moshi. Kwa ISO 3200 tungepata 1/250 hivi, inatosha kwa ndege anayetulia, lakini picha inajaa chembe sawa muchanga. Hatukutaka chembe. Tukawasha flashi, karibu sana, mara tatu.

Mama akaruka gizani. Tulingoja paka kengele ya sala, hakurudi. Asubuhi yai lilikuwa baridi. Siku tatu zikapita, kiota kikabaki hivyo.

Picha ilitoka safi sana. Kila unyoya unaonekana.

Yule mutoto wa manati njo alitukuta tukisimama pale. Hakucheka. Aliuliza tu: «Kapita, na we utakata majani?» Tukamjibu kwamba hatukuwa na nia mbaya, tulitaka tu picha. Akasema: «Miye sikupataka hata moja.»

Katika milima ya Itombwe kuna bundi mumoja aliyejulikana tangu 1951 kwa mwili mumoja tu uliopelekwa makumbusho. Mwaka 1996 wataalamu walinasa mwingine kwa wavu, wakampiga picha, wakamwachilia. Hiyo njo faida ya picha: ndege anabaki na uhai wake. Yetu haikuwa hivyo, na hatukuibandika.

Basi, anayetaka kupiga picha ya ndege magaribi aegemeze kamera juu ya ukuta, angoje ndege atulie, akubali chembe. Flashi apana. Kiota akiache mbali.

Juma lile tulikata majani siku mbili, upande wa lupango. Wengi walisema kapita anatoa mfano mwema. Ilikuwa azabu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita