Namba Nilizozichapa kwa Mkono

Mwaka 2009 kazi yangu hapa Gisenyi ilikuwa kuandika mwongozo wa mtambo wa gesi katika Ziwa Kivu. Gesi ya Kivu si ngeni kwa watu wa mji huu. Tangu 1963 ilitolewa pale Rubona ikatumika katika kiwanda cha bia. Mtambo wetu ulikuwa jukwaa linaloelea. Bomba linashuka zaidi ya mita 250, maji ya kilindini yanapanda, na kadiri yanavyokaribia juu mgandamizo unapungua, gesi ikajitenga kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Maji yaliyokwisha kutoa gesi lazima yarudishwe kilindini, kwenye kina kinachofaa, kwa maana ziwa hili limelala kwa matabaka, na matabaka hayo ndiyo yanayoizuia gesi chini.

Kwa hiyo valvu ya kurudishia maji ilikuwa na sehemu yake kwenye mwongozo, sehemu ya 4.3. Namba hiyo niliichapa mwenyewe, kama zote: kichwa nakikoleza wino, nakikuza, naweka namba mbele yake. Kwenye kurasa nyingine, kila palipohitajika, nikaandika "tazama sehemu 4.3". Machoni pa msomaji kitabu kilikuwa na mpangilio. Kompyuta haikuuona; kwake yalikuwa maandishi tu, mengine manene, mengine membamba.

Baadaye tukatakiwa kuongeza sehemu ya jaketi za kujiokolea. Nikaiweka ya 4.2, nikasogeza zilizofuata, nikasahihisha marejeleo niliyoyakumbuka. Moja nililisahau. Usiku mmoja, saa nane, fundi wa zamu akanipigia simu.

"Dada, nazima pampu, kitabu chako kinanituma kusafisha chujio. Valvu naifunga lini?"

Alikuwa mtu makini, akasita kabla ya kugusa chochote. Sikupata tena usingizi usiku ule, na sauti yake ninayo masikioni hadi leo.

Aliyenionyesha njia ni kijana wa Goma aliyevuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi kuja kazini. "Yaya," aliniambia, "usiandike namba. Andika hiki ni kitu gani, na kimo ndani ya nini." Akanifundisha DocBook, mfumo wa tagi ulioanza 1991 kwa ajili ya vitabu vya kompyuta. Tagi inafungua sehemu, kinafuata kichwa, kisha maelezo, kisha tagi ya kufunga. Sehemu inakaa ndani ya sehemu kama masufuria yanavyopangwa dukani, dogo ndani ya kubwa.

Mwanzoni nilitumia tagi zenye daraja: sect1, ndani yake sect2, mpaka sect5, basi. Nilizipenda kwa kuwa zilifanana na mazoea yangu. Ikafika siku nikataka kuipandisha daraja sehemu moja ya sura ya 6. Kila sect3 iwe sect2, kila sect4 iwe sect3, za kufungulia na za kufungia, na ukiacha moja tu faili zima linakataa kusomeka. Namba nilizozikimbia zilikuwa zimenifuata hadi ndani ya tagi! Yule kijana akazifuta zote, akaweka neno moja, section, ndani ya section, ndani ya section. Tangu hapo sehemu ikihama, daraja lake linajulikana kwa pale ilipotua. Kila moja nikaipa jina lisilobadilika. Ile ya valvu niliiita "funga-marejesho". Kwenye marejeleo naandika jina, na kompyuta inahesabu namba wakati wa kuchapa.

Faida niliyokuja kuithamini kuliko zote sikuitarajia. Mwongozo wetu ulikuwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili. Gazeti la Serikali la Rwanda limezoea kuchapa sheria kwa safu tatu za lugha, kifungu kando ya kifungu, na namba ndiyo inayozishika lugha pamoja. Sisi tulishikwa na yale majina: nikigusa "funga-marejesho" kwa Kifaransa, najua papo hapo pa kugusa kwa Kiswahili. Lakini sheria zina adabu yake. Kifungu kikishapitishwa, namba ni mali yake, watu wameshaitaja mahakamani. Ndiyo maana Akoma Ntoso, mfumo wa tagi za sheria uliozaliwa katika juhudi za Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika, unaiandika namba waziwazi kama sehemu ya maandishi. Kitabu cha mafundi hakina deni hilo.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na mitetemeko ya siku zilizofuata ikapasua nyumba hapa mjini. Tukaongeza sehemu ya kufuata ardhi inapotikisika. Niliiweka mwanzoni kabisa mwa sura ya 4, panapostahili, bila hofu. Nakala ilipotoka nilimpelekea fundi yule yule, sasa ana mvi. Akafungua ukurasa wa kuzima pampu, akapitisha kidole juu ya "tazama sehemu 4.5", akafunua kurasa mpaka akaifikia, akasoma kwa sauti: "Kufunga valvu ya kurudishia maji." Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake na tarehe ndani ya jalada.