Orlando: Bangili, Foleni na Haki ya Aliyetangulia

Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, iko ardhi ya takriban ekari 25,000 ambayo hapo zamani ilikuwa vinamasi na misitu. Tangu tarehe 1 Oktoba 1971 ardhi hiyo inaitwa Walt Disney World. Ndani yake zimo bustani nne za michezo: Magic Kingdom, iliyofunguliwa siku hiyo, Epcot ya mwaka 1982, ile inayoitwa sasa Hollywood Studios, ya mwaka 1989, na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Zimo pia hoteli kwa makumi, maziwa, na barabara zenye mabasi yake. Ndugu zetu waliohamia Marekani, Kanada na Uingereza huwapeleka watoto huko wakati wa likizo za shule, na aghalabu huwa ni safari iliyowekewa akiba kwa miaka.

Mgeni akirejea na kuulizwa habari za huko, kwanza atasifu usafi, kisha atalalamika bei ya maji ya kunywa, halafu mazungumzo yote yataishia kwenye foleni. Familia hushinda siku nzima bustanini, na sehemu kubwa ya siku hiyo huitumia ikiwa imesimama. Mchezo wenyewe, tuseme treni inayoteremka mlimani wa kutengenezwa, huchukua dakika tatu au nne. Kuungojea huchukua saa nzima, na siku za msongamano saa mbili au zaidi. Katika miezi ya kiangazi joto la Florida hupita nyuzi 30, na alasiri hushuka mvua za radi ambazo husimamisha michezo ya nje, foleni ikabaki pale pale. Mwenye mtoto wa miaka minne begani na mama mzee mkononi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1999 wenye bustani walibuni dawa iliyoitwa FastPass. Karibu na baadhi ya michezo palisimamishwa mashine. Mgeni aliingiza tiketi yake ya mlangoni, mashine ikampa kikaratasi chenye saa ya kurudi, naye akaenda zake kula au kupumzika. Saa ikifika, alipita mlango wa miadi na kungojea kidogo tu. Kikaratasi hicho hakikuuzwa. Kilimtaka mtu aamke mapema na awe na miguu myepesi, kwani baba mmoja angeweza kuchukua tiketi za familia yote na kukimbia nazo kutoka mashine hadi mashine huku wengine wakimngojea kivulini.

Januari 2013 kampuni ilitangaza mpango mpya uliogharimu, kwa taarifa za magazeti ya wakati huo, karibu dola bilioni 1. Alama yake kuu ilikuwa bangili ya mpira iitwayo MagicBand. Mgeni wa hoteli za humo aliyeishi Marekani aliletewa kisanduku nyumbani kabla ya safari, na ndani yake bangili za familia nzima, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe kwa ndani na rangi aliyoichagua miongoni mwa saba. Ndani ya mpira mlikuwa na chipu ya redio. Kwa bangili hiyo mtu alifungua mlango wa chumba chake, aliingia bustanini baada ya kuweka pia kidole chake juu ya kisomeo, alilipia chakula kwa namba ya siri, na alithibitisha miadi yake ya michezo. Vikaratasi vikafutwa. Badala yake kila mgeni aliruhusiwa kuweka miadi mitatu kwa siku kabla hajaondoka kwao: wa hoteli za ndani siku 60 kabla, wengine siku 30. Miadi mmoja ulikuwa na muda wa saa moja wa kujitokeza.

Hapo ndipo wageni walipogawanyika.

Waliofurahi walikuwa hasa wale wenye watoto wadogo na wazee, na wale wanaotoka mbali na kufika mara moja tu katika maisha. Walijua kabla ya kupanda ndege kwamba binti yao atapanda mchezo anaoutamani, siku fulani, saa fulani. Hapakuwa na haja ya kukimbia alfajiri. Bibi aliweza kukaa hotelini mpaka saa nne, akaletwa kwa basi wakati wa miadi.

Waliochukia walikuwa na hoja nzito pia. Wakazi wa Florida wenye tiketi za mwaka walizoea kuamka Jumamosi na kusema twendeni. Sasa wakafika na kukuta miadi ya michezo mikubwa imekwisha wiki nyingi zilizopita. Wale waliolala nje, katika hoteli nafuu, walitanguliwa siku 30 nzima. Mchezo wa Flight of Passage ulipofunguliwa mwaka 2017, mwenye kungoja siku yake ya 30 mara nyingi hakuambulia kitu. Wengine walilalamika kwamba mapumziko yamegeuka kazi ya ofisi: mtu anapanga mwezi Aprili mwanawe apande nini na saa ngapi mwezi Juni, wala hajui kama siku hiyo mtoto atakuwa na homa. Tena ilionekana jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Michezo ambayo zamani haikuwa na mlango wa miadi, na ambayo mtu aliingia kwa kutembea tu, ilipowekewa mlango huo, foleni yake ya kawaida ilianza kusimama. Viti havikuongezeka, na kila aliyeingizwa mbele kwa bangili alimsukuma nyuma aliyekuwa amesimama.

Palikuwa na hoja nyingine, ya siri za watu. Bangili ilikuwa na betri na iliweza kutambuliwa kwa mbali, na ndiyo sababu picha iliyopigwa ndani ya mchezo ilijikuta yenyewe katika hesabu ya familia iliyokuwemo. Mwezi huo huo wa tangazo, Edward Markey, aliyekuwa mbunge wa Massachusetts, aliiandikia kampuni kuuliza habari za watoto zitahifadhiwa vipi na zitatumiwa kwa biashara gani. Mkuu wa kampuni, Bob Iger, alimjibu kwa ukali, akisisitiza kwamba kushiriki ni hiari. Ni kweli ilikuwa hiari. Palikuwa na kadi kwa asiyetaka kuvaa. Lakini mtoto wa miaka sita anayeona wenzake wote wamevaa bangili yenye rangi hana hiari kubwa, na mzazi wake anayo kidogo tu kuliko yeye.

Sisi tuliosoma fiqhi kidogo tutaliona jambo hili kwa jicho jingine. Wanazuoni walipozungumzia mahali pa watu wote, kama kipande cha soko au nafasi msikitini, walisema aliyetangulia ana haki zaidi mpaka atakapoondoka. Na Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwinua mwenzake alipokaa kisha akakaa yeye. Foleni ni sura ya kanuni hiyo. Kila mtu, tajiri na maskini, analipa kwa sarafu moja, nayo ni muda wake. Kikaratasi cha mwaka 1999 hakikuivunja kanuni, kwa kuwa aliyekipata ni yule aliyefika mapema. Bangili ya mwaka 2013 iliipindisha kidogo: aliyetangulia sasa si aliyefika bustanini mapema, bali aliyefungua kompyuta mapema, na aliyelala katika hoteli ya ghali akapewa mwezi mzima wa kutangulia.

Atasema mtu kuwa bustani ni mali ya wenyewe, si soko la umma, na mwenye mali hupanga atakavyo. Sikatai. Lakini aliyelipa mlangoni hakulipia kutembea juu ya lami. Alinunua nafasi ya kuingia katika michezo ile kwa zamu yake, na zamu hiyo ndiyo iliyokuja kuwekwa sokoni.

Machi 2020 bustani zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na miadi ya bure haikurudi tena. Kuanzia mwaka 2021 bangili yenyewe haikutolewa bure kwa wageni wa hoteli. Oktoba mwaka huo ukaja mpango wa Genie+ kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, na michezo michache inayopendwa zaidi ikauziwa miadi yake peke yake, kwa bei ya juu ya hiyo. Familia ya watu 6 inayokaa siku 5 ilitakiwa kutoa dola 450 zaidi kwa ajili ya kupunguziwa kusimama, mbali na tiketi, na bei ikaendelea kupanda katika siku za msongamano. Mwaka 2024 jina likabadilishwa tena, na miadi ikarudi kuwekwa kabla ya safari: siku 7 kabla kwa wa hoteli za ndani, siku 3 kwa wengine. Mwisho wa mwaka huo ikaongezwa tiketi ya juu kabisa ya kupita milango yote ya miadi bila kupanga saa, ambayo katika siku ghali ilifika dola 449 kwa mtu mmoja kwa bustani moja. Anayetoa fedha hizo hapati mchezo mrefu zaidi. Anapata dakika za yule aliyesimama upande wa pili wa kamba.

Siku hizi hata sisi tunaijua miadi ya namna hii kutoka mahali patukufu zaidi, nami silinganishi ibada na mchezo. Anayetaka kuswali katika Rawdha ya Msikiti wa Mtume, Madina, huomba kibali chenye siku na saa kwa programu ya simu ya Nusuk. Mwaka 2016, baada ya msiba wa Mina wa Septemba 2015, Saudi Arabia ilitangaza bangili za kielektroniki kwa mahujaji. Wazee wetu wasio na simu za kisasa walinung'unika kwa maneno yale yale ya wageni wa Orlando: zamani ulikuja, ukangoja, ukaingia. Tofauti ni kwamba kibali cha Rawdha hakiuzwi kwa mwenye fedha zaidi, na kwamba kule msongamano unaua.

Kwa familia inayoswali, mambo ya Orlando yana upande ambao wageni wengine hawaujadili. Mwishoni mwa Desemba, wakati bustani zimejaa kuliko siku zote, Adhuhuri huingia huko karibu saa sita na nusu mchana, Alasiri karibu saa tisa na robo, na Magharibi karibu saa kumi na moja na nusu. Anayeingia foleni ya saa mbili saa tisa kamili hajaswali Alasiri, na akitoka mstarini amepoteza nafasi yake na ya watoto. Huyu miadi ilimfaa kuliko wote. Alijua ni saa ipi iliyo yake na ipi ya kutandika msala katika kona tulivu au nyasi za pembeni. Mwezi Juni ana nafasi kubwa: Adhuhuri karibu saa saba na nusu, Alasiri saa kumi na moja jioni, Magharibi saa mbili na nusu usiku. Wengi hutegemea ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya, lakini wakumbuke kwamba kwa madhehebu ya Imam Shafi, yaliyo ya wengi katika mwambao wetu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humkatikia. Safari za huko aghalabu ni za juma zima. Aulizwe sheikh kabla ya tiketi kukatwa.

Epcot kuna mnara uliojengwa kwa kuigiza ule wa Kutubia, Marrakesh. Ni sehemu ya Morocco, iliyofunguliwa mwaka 1984. Mfalme Hassan wa Pili alituma mafundi wake kutia vigae ukutani kimoja kimoja, na kazi yao inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mnara huo hauna muadhini. Wakati wa swala unatazamwa kwenye simu, kwenye kioo kile kile kinachoonyesha miadi.

Na Animal Kingdom kuna kijiji kiitwacho Harambe, kwa e moja, kilichobuniwa kwa kutazama miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, Lamu ikiwemo. Kuta zake zimechubuliwa chokaa makusudi ili zionekane kuukuu, na mabango yake yana Kiswahili. Msomaji wetu atasimama hapo akisoma lugha yake mwenyewe ukutani, huku mama wa Kimarekani nyuma yake akiuliza neno hilo lina maana gani. Mbele kuna magari ya Kilimanjaro Safaris, ambayo huwapitisha watu katikati ya twiga na viboko wa kweli, na milango ni miwili. Anayetaka ule wa miadi, akiwa Dar es Salaam au Mombasa, aamke na hesabu hii: nafasi hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Orlando, ambayo wakati wa kiangazi cha huko ni saa nane mchana kwetu, na Desemba saa tisa. Anayetaka ule mwingine afike mlango unapofunguliwa, asubuhi, wakati foleni bado ni fupi na wanyama bado hawajakimbilia kivulini.