Mtoto Mlangoni mwa Shule



Sasa unajua kusoma. Basi nataka nikueleze habari za picha moja ninayoipenda sana.

Picha hii ilichorwa kwa rangi mwaka 1897 katika nchi ya Urusi. Jina lake ni "Mlangoni mwa Shule". Inamwonyesha mtoto wa kiume wa shamba. Amesimama mlangoni mwa darasa. Nguo zake zimechakaa. Ana mfuko mgongoni na fimbo mkononi, kama mtu aliyetoka mbali. Ndani watoto wenzake wamekaa kwenye madawati. Yeye anawatazama tu. Ametugeuzia mgongo, kwa hiyo uso wake hatuuoni.

Je, ataingia? Au atarudi alikotoka? Picha haisemi.

Mchoraji wake ni Nikolay Bogdanov-Belsky. Alizaliwa mwaka 1868. Mama yake alikuwa maskini, kibarua wa mashamba. Lakini katika kijiji cha Tatevo palikuwa na mwalimu, Sergey Rachinsky. Huyu alikuwa profesa mjini Moscow, akaacha kazi hiyo, akaja kuwafundisha watoto wa wakulima. Alimpokea mtoto wa kibarua shuleni kwake. Mtoto huyo akawa mchoraji mkubwa.

Mwaka 1895 alikwisha kuchora picha ya shule hiyohiyo. Humo watoto wanafanya hesabu ngumu kwa kichwa, na mwalimu wao ameketi karibu. Ni watoto wa wakulima. Wapo waliovaa viatu vilivyosukwa kwa magome ya miti. Hao walikwisha kuingia ndani.

Katika kazi yangu nimewaona watu wazima wengi wakisimama mlangoni kama mtoto yule. Wanachungulia. Ukiwauliza, wanasema wamekuja kumwita mtu tu. Kisha wanaondoka. Si kwamba hawataki kusoma. Wanaona haya. Wanaogopa kuchekwa na wajukuu wao.

Wewe ulikuwa na haya hiyo, lakini ukaingia. Leo unasoma ukurasa huu bila kusaidiwa na mtu.

Basi siku ya darasa, ukimwona jirani yako amesimama mlangoni, usimcheke wala usimnyamazie. Hatua moja tu imebaki, nayo ni nzito kuliko njia yote aliyotembea. Mwite kwa jina lake. Sogea kwenye benchi, umpe nafasi.