Peter Lorre, mkimbizi aliyepewa kila mara kazi ya mgeni

Watu wengi walijua sura yake kuliko jina lake: mtu mfupi, macho makubwa, sauti ya pole. Na hilo jina Peter Lorre lilikuwa la kazi tu. Alizaliwa mwaka 1904 katika familia ya Kiyahudi, akaitwa László Löwenstein, katika mji ambao leo uko Slovakia.

Mwaka 1931 alipata umaarufu huko Ujerumani katika filamu M ya Fritz Lang, akiigiza muuaji wa watoto. Miaka miwili baadaye Wanazi walishika utawala, naye akakimbia. Alipita Vienna, Paris, akafika London. Hakuacha nyumba peke yake. Aliacha lugha, na kwa muigizaji lugha ndiyo jembe.

Alfred Hitchcock alipomwita mwaka 1934, Lorre alikuwa hajui Kiingereza sawasawa. Basi Hitchcock akisimulia, yeye anatikisa kichwa, na akiona hadithi imefika mwisho, anacheka. Kazi akaipata. Maneno ya filamu aliyakariri kwa sauti tu, mengine bila kujua maana. Mhami yeyote aliyetafuta kazi mahali pa ugeni anakijua kicheko hicho.

Hollywood nako kazi ilikuwapo, lakini ya namna moja: mgeni, mtu wa kushukiwa. Walimfanya hata Mjapani, mpelelezi Mr. Moto, katika filamu 8. Katika Casablanca ya mwaka 1942 ni Ugarte, anayeuza karatasi za kusafiria kwa wakimbizi, na anakamatwa mapema. Wengi walioigiza filamu ile walikuwa wakimbizi wa kweli. Huku nyuma, Wanazi walikuwa wamechukua kipande cha M na kukitia katika filamu yao ya mwaka 1940 ya kuchukiza Wayahudi, kana kwamba uovu wa kuigiza ulikuwa tabia ya watu wake.

Vita ilipoisha alirudi Ujerumani. Mwaka 1951 aliongoza filamu yake mwenyewe, Der Verlorene, juu ya mwanasayansi aliyeua wakati wa Wanazi na wakubwa wakamfichia kosa. Watu hawakwenda kuitazama, walitaka kusahau. Lorre akarudi Marekani. Mwaka 1954 aliigiza katika televisheni Le Chiffre, adui wa kwanza wa James Bond kuonekana kwenye skrini. Alikufa Los Angeles mwaka 1964. Filamu nyingine hakuongoza tena.